Mwambie Mumeo Aje

Mume wangu alikuwa mwanamke. Nasema mapema ili usinikatize katikati kwa maswali. Jina lake lilikuwa Ndululu, mjane wa Nzomo, hapa hapa Mbooni, na alinioa kwa mbuzi na ng'ombe na pombe iliyonywewa mbele ya baba yangu, vile vile mwanamume yeyote angenioa. Mke wa namna hiyo sisi Wakamba tunamwita iweto. Mwanamke aliyekosa watoto anaoa msichana, msichana anazaa, na watoto wanaitwa wa boma lile. Mwanamume anayelala na huyo msichana hahesabiwi. Anakuja, anaenda, na mtoto akiuliza baba yake ni nani, anaonyeshwa kaburi la marehemu. Kama kwenu jambo hilo halipo, kwetu lipo, na halikuanza na mimi.

Nilimwita mwaitu, ndiyo kusema mama yetu, kwa sababu hivyo ndivyo anavyoitwa mwenye boma. Si kwamba nilimpenda. Nikipika muthokoi, mahindi hayakutwangwa vizuri. Nikichota maji, nimechelewa mtoni na vijana. Nikinyamaza, nina kiburi. Shemeji zake walikuwa wamemwita tasa tangu ujana wake. Walimwambia machoni kwamba anakula shamba la ndugu yao na tumbo lake halifanyi kazi, na matusi yale yote alikuwa ameyaweka akiba. Nilipofika, akanipakulia mimi.

Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa amekufa. Wa pili pia. Walitoka wakiwa karibu kutimia, ngozi yao ikibanduka mikononi mwa mkunga, na hakuna mtu aliyenishika hata bega. Ndululu aliwazika nyuma ya migomba, akarudi akinawa mikono, akaniambia, "Kumbe nilitoa mifugo yangu kununua kaburi." Neno hilo sijamsamehe. Hata leo nikilikumbuka nasikia joto kifuani.

Mimba ya tatu ilishika mwaka uliofuata ile njaa tuliyoiita Nikw'a Ngwete, yaani nakufa nikiwa nazo, kwa sababu watu walikuwa na pesa mfukoni na mahindi hayakuwa dukani. Safari hii sikungoja mkunga wala sikungoja ruhusa. Nilijipeleka mwenyewe kwenye kituo cha afya kule chini ya kilima, nikakaa kwenye benchi na wajawazito wengine, nikapimwa uzito, nikapimwa tumbo, nikatolewa damu mkononi. Tukaambiwa turudi wiki inayofuata kusikia majibu.

Niliporudi, sista aliyekuwa zamu alikuwa Kalondu. Huyo mwanamke alikuwa na sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde, na hakujua kuipunguza.

"Nthenya," akaita, laini nzima ikisikia. "Damu yako ina kaswende. Mwambie mumeo aje."

Wanawake wote wakanigeukia. Mmoja aliyekuwa amekaa karibu nami akavuta leso yake isiguse yangu. Nilisimama, nikamwambia sista anidunge hiyo sindano niende zangu.

"Hatudungi mtu mmoja hapa," akasema. "Nikikudunga wewe peke yako, unarudi nyumbani unapakwa tena, na dawa imepotea bure. Bila mume hakuna sindano."

"Mume wa boma letu amekufa."

"Amekufa lini?"

"Kabla sijaolewa."

Basi, kicheko. Walicheka mpaka mtoto mmoja akaamka mgongoni mwa mamake. Nikamweleza sista kwamba mimi ni iweto, nimeolewa na mama mjane. Yeye naye ni Mkamba, alinielewa mara moja, lakini akafanya kama hajanielewa.

"Basi leta huyo anayekupa mimba," akasema. "Sheria ni mume aje. Anayefuata."

Nilitoka na hasira zangu. Nikipita nje ya chumba cha maabara, yule mpimaji wa damu, bwana mmoja mrefu aitwaye Mwangangi, akaniita dirishani. Alikuwa amesikia yote. Na nani asingesikia? Akaniuliza kama nimewahi kupoteza mimba. Nikamwambia kuhusu wale wawili, na ngozi yao.

"Hiyo ndiyo kaswende," akasema polepole. "Inapita kwenye damu ya mama inamwendea mtoto. Mama hajisikii chochote. Kidonda chake kinakuwa ndani, hakioni, na kinapona chenyewe. Mwanamume anakiona chake, lakini nacho kinakauka, anasema amepona. Ugonjwa umebaki kwenye damu. Ndiyo maana tunapima damu, hatuulizi mtu anajisikiaje."

"Na huyu wa sasa?"

"Ukidungwa mapema, atazaliwa mzima. Ukikawia, ataenda kama wenzake."

Nikamwomba anidunge yeye. Akasema sindano ziko kabatini na ufunguo uko kwa sista. Nikapanda kilima nikiwa nimeshika tumbo kwa mikono yote miwili. Nilikuwa nimeshawazoea wale waliokufa, lakini huyu alikuwa anacheza.

Ndululu nilimkuta anachambua maharagwe. Nilimwambia wazi wazi, kwa sababu kuzunguka ni kazi ya mtu mwenye nafasi. Akanitazama bila kusimamisha vidole.

"Umeitoa wapi?"

"Pale uliponipeleka, mwaitu. Kwa Kivuva."

Kivuva alikuwa mwimbishaji wa kwaya kanisani. Ndululu alimchagua yeye mwenyewe: hanywi pombe, ni mrefu, na ukoo wa mama yake unazaa wavulana. Alikuwa akija kwangu siku za soko, watu wakiwa wametawanyika, akikohoa kidogo mlangoni kama mwalimu anayeingia darasani. Sikuwahi kulala na mwanamume mwingine, na Ndululu alijua, kwa sababu hata nikienda haja alikuwa anahesabu hatua zangu.

"Kivuva ni mtu wa kanisa," akasema.

"Kaswende haiulizi mtu anasali wapi."

Alinirushia ungo. Ulinipita, maharagwe yakamwagika mpaka kwenye majivu, na kisha akanilazimisha niyaokote. Nikiwa nimeinama pale akaniambia jambo lililokuwa linamwuma kuliko ugonjwa. Kivuva hatakanyaga kliniki akiitwa mume wa nyumba yake. Akiitikia jina hilo mara moja tu mbele ya watu wa Mbooni, kesho atakuja kudai mtoto, na mtoto akishakuwa wake, na shamba litamfuata mtoto.

Katika hilo hakukosea. Nilijua siku iliyofuata, nilipomfuata Kivuva kanisani. Walikuwa wamemaliza mazoezi, anapanga vitabu vya nyimbo. Nilimwambia ninavyokuambia wewe sasa.

"Mimi?" akasema. "Mimi sina usaha, sina kidonda. Niko sawa."

"Hujawahi kuwa nacho?"

Akapanga kitabu kimoja juu ya kingine. "Kitambo. Kadogo. Kalikauka kenyewe."

Haki, nilitaka kumpiga na kile kitabu. Watoto wangu wawili wako nyuma ya migomba kwa sababu ya kitu ambacho yeye anakiita kadogo. Nikajizuia, maana nilikuwa namhitaji. Nikamwomba aje kliniki, apimwe, adungwe, yaishe.

Akafikiria. Nikaona uso wake ukibadilika, ukawa uso wa mtu anayenunua mbuzi.

"Nitakuja," akasema. "Lakini nikiitwa mume pale, nitakuwa mume. Mtoto ni wangu. Na lile shamba la chini, lenye machungwa, ni la mtoto wangu. Mwambie mama yako hivyo."

"Mtoto akifa utalima nini?"

"Nimesema langu," akajibu, akarudi kwenye vitabu vyake vya kumsifu Mungu.

Nilipomweleza Ndululu, alicheka. Alikuwa na meno machache na yote yalionekana. Si nilikuambia, si nilikuambia. Nikamwambia acheke taratibu, kwa sababu mtoto anayekufa ni wake pia kwa hesabu ya mbuzi aliotoa. Akakaa kwenye kigoda, akaanza kuniuliza maswali kama hakimu.

"Nani alinunua pombe ya kwenu?"

"Ni wewe."

"Mume wako ni nani?"

"Ni wewe, mwaitu."

"Na sista amemwita nani?"

"Mume."

"Basi nitaenda mimi."

Nilidhani ameanza kuchanganyikiwa. Nikamwambia kaswende ni ugonjwa wa kitandani, inataka mwanamume aliyelala na mwanamke, na mimi na yeye tumelala nyumba mbili tangu nifike. Sijui kama nilisema kwa adabu, nadhani hapana.

"Unanifundisha mambo ya kitandani?" akasema. "Tangu Nzomo azikwe mimi sijaguswa na mtu. Damu yangu ni safi kama maji ya kisima. Wamesema wanataka mume, watapata mume, na watalazimika kukudunga. Na watu wote watasikia kwamba boma la Nzomo ni safi na uchafu umeletwa na wewe. Ukishazaa, mtoto atabaki. Wewe utarudi kwa baba yako."

Hivyo ndivyo alivyosema, akiniangalia machoni. Nikaenda jikoni kwangu. Nililia kwa hasira zaidi ya huzuni, kwa sababu nilijua kwamba hata akinifukuza, bado namhitaji aende.

Siku ya kliniki alivaa kabuti la Nzomo, lile la sufu alilorudi nalo kutoka kazi yake ya reli kule Emali. Halikuwa limetoka sandukuni tangu mazishi. Jua lilikuwa kali na alitokwa na jasho njia nzima, lakini hakulivua. Alitembea mbele, mimi nyuma, tukateremka kilima bila neno.

Laini ilikuwa ndefu. Sista Kalondu aliponiona akainua kichwa.

"Mume yuko wapi?"

"Yuko mbele yako," Ndululu akasema.

Kicheko kikaanza tena, na safari hii hata askari wa mlangoni alicheka. Sista akaweka kalamu chini.

"Mama, usinichezee. Nina kazi."

"Ulisema bila mume hakuna sindano," Ndululu akasema, na sauti yake haikuwa ndogo kuliko ya sista. "Nilitoa mahari. Wazee walikula, wazee walikunywa. Akiiba, mimi ndiye naitwa. Akifa, mimi ndiye nazika. Uliza laini hii yote mume wa Nthenya ni nani. Uliza."

Sista hakuuliza, lakini mwanamke mmoja mzee aliyekuja na mkaza mwanawe akajibu bila kuulizwa. "Ni yeye," akasema. "Nilikuwako kwenye pombe." Mwingine akasema, ndiyo, ni yeye. Walioendelea kucheka wakaacha. Kila mmoja pale alikuwa na shangazi au nyanya aliyeoa mke, na kumkana Ndululu kungekuwa kuwakana watu wao. Sista Kalondu alijua hivyo. Nilimwona akitafuta pa kutokea akakosa, na hapo akakasirika kweli.

"Haya," akasema. "Mwangangi, mpime mume. Akiwa nayo, nitawadunga wote wawili. Akiwa safi, waende nyumbani wote wawili, na huyu msichana asirudi hapa mpaka alete mwanamume mwenye ndevu."

Sasa fikiria mahali niliposimama. Ndululu alikuwa na hakika atakuwa safi. Mimi pia nilikuwa na hakika. Kwa maneno yale ya sista, usafi wake ulikuwa ndio kifo cha mtoto wangu. Nikamvuta mkono, nikamnong'oneza turudi, nitamwomba Kivuva tena. Akanipokonya mkono.

"Unaogopa nini?" akasema. "Unaogopa waone ni nani mchafu?"

Mwangangi akamfunga mpira mkononi, akavuta damu kwenye chupa ndogo, akaisimamisha kwenye kibao cha mbao. Alisema lazima ikae mpaka ijitenge, nyekundu ibaki chini na maji ya manjano yaje juu, maana yanayopimwa ni yale maji. Tukakaa kwenye benchi nje ya mlango wake. Ndululu alikaa ncha moja, mimi ncha nyingine, na kila aliyepita alitutazama. Yeye alikuwa ameinua kidevu kama mtu anayengoja zawadi. Mimi nilikuwa nahesabu mateke tumboni na kumwomba Mungu kitu ambacho sikujua ni nini.

Baada ya muda mrefu Mwangangi akatuita wote wawili, akafunga mlango. Kwenye meza kulikuwa na kadi nyeupe na matone mawili. Moja lilikuwa laini, la kijivu, limetulia. La pili lilikuwa na chembe chembe nyeusi zilizojikusanya, kama masizi yaliyoanguka kwenye maziwa.

"Hili laini ni la mtu asiye na ugonjwa, naliweka ili nilinganishe," akasema. "Hili lingine ni lako, mama."

Ndululu akainama akatazama. "Nimelala na nani?" akauliza.

"Sikuulizi hivyo. Nauliza, uliwahi kushika mimba?"

"Mimi ni tasa. Uliza kilima chote."

"Mimba, mama. Sijauliza watoto."

Nje sista alikuwa anaita majina. Ndululu akafungua kifungo cha juu cha kabuti, akakifunga tena.

"Nne," akasema. "Tatu zilikuwa kubwa. Moja ilikuwa bado ndogo."

"Zile kubwa zilikuwaje zilipotoka?"

"Zilikuwa zimekufa." Akanitazama mimi, si Mwangangi. "Ngozi ilikuwa inatoka. Mama mkwe alisema nimerogwa, nisimwambie mtu. Tukazika pale pale nyuma ya migomba. Baadaye wakaanza kusema ni tasa, na nikaona afadhali tasa kuliko aliyerogwa."

Miaka yote niliyokaa naye, hakuna siku alinitajia. Aliwaosha wangu, akawafunga, akawalaza kwenye udongo, na hakufungua mdomo ila kunitukana.

Sitaki kukudanganya: mwanzo nilifurahi. Nilisema moyoni, nyani haoni kundule, leo umeliona. Nilitaka kufungua mlango nimwite sista aje asome kwa ile sauti yake. Kisha nikaona jinsi Ndululu alivyokuwa anaitazama ile kadi, na furaha ikaniisha. Lakini usidhani nilimwonea huruma. Nilibaki nimesimama tu, sina hiki wala kile.

"Inaweza kukaa kwenye mwili miaka mingapi?" akamwuliza Mwangangi.

"Isipotibiwa, hata maisha."

"Mimi sikujua mwanamume ila Nzomo."

"Basi unajua ilikotoka."

"Alikuwa anakuja mwisho wa mwezi kutoka Emali," akasema, kana kwamba anajieleza mwenyewe. "Alikuwa ananiletea sukari. Akifika ananiuliza, je, bado hujazaa?" Akamwinulia Mwangangi uso. "Na sindano hii ilianza lini?"

Mwangangi akajifanya anafuta meza.

"Nimekuuliza, mwanangu."

"Ilikuwepo, mama. Hata wakati wa mkoloni ilikuwepo. Hospitali za misheni zilikuwa nayo."

"Misheni pale chini?"

"Hata pale."

"Nilikuwa napita hapo nikienda soko," Ndululu akasema.

Akavua kabuti la Nzomo. Hakulikunja. Aliliacha likaanguka pale sakafuni kwenye chumba cha watu, akalikanyaga akienda mlangoni, akabaki na rinda lake lililolowa jasho mgongoni. Mwangangi akalisogeza kwa mguu pembeni. Sijui baadaye lilichukuliwa na nani.

Sista Kalondu alipoambiwa majibu hakucheka. Alikuwa ameshasema mbele ya laini nzima: mume akiwa nayo, wote wawili wadungwe. Akafungua kabati. Dawa yenyewe ni nzito kama uji, inasukumwa kwenye tako polepole, na inauma mpaka mguu unakufa ganzi.

"Mume kwanza," akasema.

Ndululu akainama. Hakukunja hata uso. Nilipoinama mimi, nilipiga kelele, kwa maumivu na kwa kitu kingine, kwa sababu nilijua pale pale kwamba mtoto wangu ameponea kwenye ugonjwa uliowaua watoto wa mwingine. Kama yule mwanamke angekuwa safi jinsi alivyojisifu, ningerudi nyumbani mikono mitupu. Sikumshukuru, naye hakungoja shukrani.

Tulipanda kilima tukichechemea, na tulipofika kwenye njia panda Ndululu hakuelekea nyumbani. Alikata kushoto kwenda kwa Kivuva. Nikamfuata. Mbinya, mke wa Kivuva, alikuwa uani anapepeta mbaazi, na tumbo lake pia lilikuwa limeanza kuonekana.

"Mumeo ana kaswende," Ndululu akamwambia, hata salamu hakutoa. "Amempa huyu msichana wangu, kwa hiyo na wewe unayo. Usiulize mtu. Nenda kapimwe damu kesho, na uende naye hata kama ni kwa kumfunga kamba. Kule hawadungi mtu mmoja."

Kivuva akatoka nyumbani akipayuka kuhusu kuharibiwa jina, atatushtaki kwa wazee wa kanisa. Ndululu akamgeukia.

"Nenda uwaambie wazee wa kanisa ulikuwa unafanya nini kwangu siku za soko," akasema. "Nitakuja nikae kiti cha mbele nisikie. Na ukikanyaga boma langu tena, nitakukata."

Mbinya aliweka ungo chini, akamwuliza Ndululu kliniki inafunguliwa saa ngapi. Kesho yake nilisikia wameonekana wakiteremka, mke mbele, Kivuva nyuma akiwa amevuta kofia mpaka puani. Kwangu hakurudi tena.

Tulidungwa tena wiki mbili zilizofuata, mpaka Mwangangi akasema inatosha. Usifikiri maisha yalibadilika yakawa matamu. Ndululu aliendelea kunigombeza kuhusu muthokoi, na mimi nikaacha kunyamaza, nikawa najibu. Habari ya kunirudisha kwa baba yangu hakuitaja tena, wala msamaha hakuomba. Jioni moja shemeji yake alipita akamtania, akamwita tasa kama kawaida yake. Ndululu alimfukuza na jembe mpaka barabarani, na umri wake ule.

Mtoto alizaliwa msimu wa kuvuna mbaazi. Alikuwa mvulana. Mkunga alimpiga kidogo mgongoni, naye akalia kwa sauti ya mtu aliyeonewa, na mimi nikalia naye. Ndululu alikuwa amesimama mlangoni. Aliposikia sauti hiyo akageuka, akatoka nje.

Hapo nilikasirika kuliko siku zote. Nilimwita nikiwa bado nimelala kwenye damu. "Mwaitu, njoo umwone mtoto wako. Ama hata huyu umemtafutia kasoro?" Mkunga akaniambia ninyamaze, nitajiumiza. Nilimsikia Ndululu akipita nyuma ya nyumba, kule kwenye migomba, na nikasema basi, akae huko na roho yake mbaya.

Alirudi jua likishuka. Aliosha mikono, akaingia, akakaa kwenye kigoda mbali na kitanda. Hakuomba kumshika. Mtoto akaanza kulia tena, nami nikafungua nguo nimnyonyeshe anyamaze.

"Mwache," Ndululu akasema.

"Ana njaa."

"Mwache alie kidogo," akasema, na uso wake ulikuwa umelowa wote. "Wangu hakuna hata mmoja aliyelia."

Nilikuwa na la kumjibu, na lilikuwa kali. Nikalimeza. Nikafunga nguo yangu, tukakaa sisi wawili, tukamsikiliza akilia.